SOMO: TAMAA, UTAMU UNAOMLA MWENYE KUUONJA

Mafungu ya kusoma: Mithali 23:29-35, 2 Samweli 13:1-19, Yakobo 1:13-15

Somo hili ni kwa vikundi vya wababa, vya wamama na vya vijana, Butembo, Beni na vijiji vilivyo kati. Tunataka kujua namna gani kitu kitamu kinakuwa bwana wa mtu, na namna gani mtu huyo anaweza kufunguliwa.

1. Tamaa inaanza na utamu

Tusidanganyane. Kama tamaa ingekuwa chungu tangu mwanzo, hakuna ambaye angenaswa. Tutazame kasiksi, maana sisi wote tunaijua. Ndizi zinafunikwa shimoni kwa majani mpaka ziive. Zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na nyasi, na maji yake yanachujwa. Siku ile maji yale ni matamu. Hata mtoto anakunywa na halewi. Kisha wanatia unga wa mtama uliokaangwa na kufunika chombo. Siku ya pili povu linapanda. Siku ya tatu mtu mzima anakunywa na kuanguka njiani.

Nani alitia ukali ule? Hakuna. Ni chachu, kitu kidogo ambacho jicho halioni, inakula sukari na kutoa pombe. Ukali umetoka katika utamu wenyewe. Na chachu ikiachiwa muda, inakula mpaka utamu unaisha. Ndivyo tamaa inavyofanya ndani ya mtu. Yakobo anaifananisha na mimba: inatungwa kimya, inazaa dhambi, na mwisho wa dhambi ni mauti. Mimba haionekani siku ya kwanza.

2. Inaahidi kushibisha, haishibishi

Amnoni, mwana wa Daudi, alikonda kwa ajili ya Tamari, dada yake wa baba mmoja. Akajifanya mgonjwa, akamshika kwa nguvu. Soma vizuri mstari wa 15: chuki iliyofuata ilipita upendo aliodai kuwa nao. Tamari hakubadilika. Basi Amnoni hakumpenda Tamari. Alipenda tamaa yake mwenyewe, na aliyeumia ni dada asiye na kosa.

Njia ni hiyo moja kwa uzinzi, kwa kupenda fedha na kwa kamari. Kijana anayebashiri mipira, akipata anacheza tena kwa kuwa amepata. Akikosa anacheza tena ili arudishe alichopoteza. Siku gani atashiba?

3. Mwili nao unafungwa

Mithali 23 inaonyesha mlevi aliyepigwa bila kusikia maumivu. Akizinduka, wazo lake la kwanza ni kutafuta kikombe tena. Waganga wa leo wanaeleza jambo lile lile. Ubongo unazoea pombe, na kikombe kimoja kinakuwa vinne. Mwishoni mtu hanywi ili afurahi; anakunywa ili mikono isitetemeke. Shirika la Afya Duniani linahesabu hali hiyo kuwa ugonjwa.

Kwetu kuna mzigo zaidi. Tangu mauaji yaliyoanza Beni Oktoba 2014, na tena Ebola ya 2018 hadi 2020 iliyoua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa nchi yetu, wengi wanabeba wafu wao moyoni. Mtu anaanza kunywa ili apate usingizi tu. Tena pombe kali ilitiwa katika vifuko vidogo vya plastiki, kwa bei ambayo hata mwanafunzi anaiweza. Tanzania ilikataza vifuko hivyo Machi 2017, na Uganda mwaka 2019.

Tusimhukumu upesi mama anayetengeneza kasiksi. Mara nyingi minervali ya watoto inatoka pale. Tumsaidie kupata kazi nyingine, ndipo neno letu litakuwa na uzito kwake.

4. Namna ya kufunguliwa

(a) Mtu aseme ukweli. Anayesema "ninaweza kuacha wakati wowote" ajaribu juma moja, na mke wake awe shahidi.

(b) Maombi na kituo cha afya vitembee pamoja. Sikilizeni sana hapa, ninyi viongozi wa vyumba vya maombi. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akikatiwa pombe kwa ghafla, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kwa kifafa, hata kufa. Tukimfungia ndani pamoja na kufunga chakula, na kusema ni pepo anapiga kelele, tunaweza kumzika mtu ambaye dawa ingemsaidia. Apelekwe kwanza kwa mganga, na mwombaji amsindikize. Mungu hapungukiwi na utukufu kwa sababu muuguzi ameshika sindano.

(c) Tunyime chachu sukari. Kila tamaa ina saa yake, njia yake na rafiki yake. Motari anayelewa jioni ampe mke wake fedha ya siku kabla ya kufika pale wenzake wanapokunywa.

(d) Nyumba isimtukane. Aibu inamrudisha kwenye kikombe. Apewe ndugu mmoja wa kumtembelea kila siku, na akianguka tena, ndugu yule asichoke.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kitu gani kilikuwa kitamu kwako mwanzoni, na sasa kinakuomba zaidi kuliko kinavyokupa?
2. Katika habari ya Amnoni, rafiki yake Yonadabu alifanya nini? Sisi ni marafiki wa namna gani?
3. Katika mtaa wetu, ni nani anayelewa ili asahau wafu wake? Ni nani kati yetu atakwenda kuketi naye juma hili?

Tuombe kwa ajili ya wote waliofungwa, tena tuwataje kwa upendo, pasipo masengenyo. Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.