Puli yangu ya alumini inatoka na vitundu

SWALI: Niko Kamina. Nasubu puli ya alumini kwa mashine ndogo ya kupukuchua mahindi ninayojitengenezea. Kila mara inatoka na vitundu ndani. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kama unayeyusha makopo ya soda, acha, ni membamba, huishia kuwa takataka. Tafuta pistoni chakavu: zina silikoni, kwa hiyo alumini yake hutiririka mpaka kwenye pembe za kalibu.

Vitundu vya duara ni gesi, na mara nyingi huletwa na moto wa kupita kiasi. Wazee wa Katanga walisubu misalaba ya shaba, inayoyeyuka kwa nyuzi 1,085 za Selsiasi. Alumini huyeyuka kwa 660 tu. Ukiizidishia moto sana hunywa haidrojeni ya unyevu, kisha huitema ikiganda. Usiikoroge ovyo. Engua takataka, mimina bila kukatisha. Shimo likiwa sehemu nene pekee, huko ni kusinyaa: panua mdomo wa kumiminia uendelee kuilisha.

Mchanga wa kalibu ukiufumbata ushikane, lakini usikuachie maji kiganjani. Maji chini ya alumini iliyoyeyuka hulipuka. Vaa viatu vya ngozi, si kandambili. Na kwa chakavu hicho usisubu sufuria, maana huenda kina risasi.