Jua Mpaka wa Ploti Yako Kabla ya Kujenga Ua

Mtaa wa Section 58 jijini Nakuru una majirani waliotoka pande nyingi za Kenya. Mmoja alilelewa Nyandarua, mwingine Siaya, mwingine Narok. Leo ploti zao zinapakana na ua wao ni mmoja, lakini kila mmoja anautazama kwa mazoea ya kwao. Katika somo la toleo hili tunaeleza tofauti hizo, na jinsi ya kuzuia zisilete ugomvi.

Kila jamii na alama yake

Wakikuyu kwa desturi walipanda itoka kwenye mpaka. Huu ni mmea wenye kitunguu ardhini na maua makubwa. Ulipandwa mbele ya mashahidi, na kuung'oa kulihesabiwa kosa zito. Itoka haikuzuia mtu wala ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kushuhudia mpaka.

Kwa Wajaluo, boma lilizungushiwa mnyaa, ambao kwao huitwa ojuok. Matawi yake hushikana, na utomvu wake mweupe huumiza macho. Ua huo ulilinda nyumba na mifugo, lakini mashamba ya familia yaliendelea nje yake.

Wamaasai walizungusha miiba ili simba na fisi wasiingie usiku. Malisho ya nje yalitumiwa kwa pamoja.

Nchini Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga hupanda isale mpakani. Jani la mmea huohuo hupelekwa kwa mtu aliyekosewa kuomba msamaha.

Mjini tunatumia kayaba, mabati, ukuta wa mawe, vipande vya chupa na nyaya za umeme. Hofu yetu kubwa ni mwizi.

Kwa hiyo, jirani mmoja aweza kuutazama ua na kusema, "Ardhi yangu inaishia hapa." Mwenzake aweza kusema, "Huu ni wa kuzuia wezi tu. Ardhi yangu inafika mbele kidogo." Wote wawili wananyamaza kwa miaka, hadi siku mmoja anapouza ploti au kuleta fundi. Hapo ujirani huvunjika, na pesa nyingi hupotea.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inatambua mipaka ya aina mbili. Ikiwa sajili haionyeshi kwamba mipaka imepimwa na kuthibitishwa, ramani huonyesha mahali mpaka ulipo kwa makadirio tu. Mpaka uliothibitishwa hufuata vipimo vya mpimaji na bikoni zilizowekwa ardhini.

Kung'oa, kuharibu au kusogeza alama ya mpaka bila idhini ni kosa la jinai. Aidha, mahakama haisikilizi kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo. Kwa hivyo, anza kwa msajili wa ardhi.

Kabla ya kuchimba msingi

1. Soma hatimiliki yako na upate ramani ya eneo kutoka ofisi ya ardhi.
2. Tafuta bikoni zote za ploti. Usipoziona, ita mpimaji ardhi mwenye leseni. Usikisie kwa hatua za miguu.
3. Mwalike jirani awepo wakati wa kupima. Mwite pia mzee wa mtaa au mwakilishi wa Nyumba Kumi ashuhudie.
4. Omba kibali cha ujenzi kwa idara ya mipango ya kaunti, kulingana na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Hakikisha ukuta hauingii kwenye barabara wala njia ya majitaka.
5. Mkitofautiana, simamisha ujenzi. Kifungu cha 60 cha Katiba kinahimiza jamii kutatua migogoro ya ardhi kupitia njia zake zinazotambuliwa. Mkishindwa kuelewana, pelekeni ombi kwa msajili wa ardhi.

Kumbuka: kaunti hutoa kibali cha kujenga, lakini haiamui mpaka wa ploti mbili. Kibali chako hakikupi haki ya kuingia kwa jirani hata kwa futi moja.

Ada ya mpimaji ni nafuu kuliko ukuta wa mawe unaojengwa mara mbili. Mkishaziona bikoni pamoja, panda kayaba au jenga ukuta, upendavyo.