Upotevu wa Amonia Bandani na Shambani

Amonia (NH₃) ni gesi isiyo na rangi, yenye harufu kali inayowasha macho na pua. Inapotoka bandani au shambani, mkulima hupoteza naitrojeni aliyokwisha kuilipia.

Chanzo chake
Mkojo wa ng'ombe na mbolea ya urea vyote vina urea. Kimeng'enya kiitwacho ureasi, kilichomo katika kinyesi na udongo, huivunja:

CO(NH₂)₂ + H₂O → 2NH₃ + CO₂

Kinyesi cha kuku kina asidi ya uriki, ambayo bakteria huivunja na kutoa amonia pia.

Mambo yanayoathiri upotevu
1. *Joto.* Huharakisha kazi ya kimeng'enya na kupunguza uwezo wa maji kushika gesi.
2. *pH.* Katika mmenyuko NH₄⁺ ⇌ NH₃ + H⁺, pH ikipanda amonia huongezeka. Ndiyo maana chokaa na urea haviwekwi pamoja.
3. *Unyevu.* Maranda yaliyolowa katika banda la kuku hutoa amonia nyingi kuliko makavu. Shambani, manyunyu huyeyusha urea na kuiacha juu. Mvua ya kutosha huizamisha.
4. *Upepo.* Huondoa amonia juu ya samadi au udongo, nyingine ikapata nafasi ya kutoka.
5. *Aina ya udongo.* Mfinyanzi na mboji hushika NH₄⁺ vizuri kuliko kichanga.
6. *Chakula cha mifugo.* Protini inayozidi mahitaji ya ng'ombe hutoka kama urea katika mkojo.
7. *Uwekaji wa mbolea.* Urea iliyotawanywa juu hupotea zaidi kuliko iliyofukiwa.

Swali la mfano
Mkulima alitawanya mfuko wa kilo 50 wa urea (46% N) juu ya udongo wenye unyevu wakati wa jua kali. Ikiwa 20% ya naitrojeni ilipotea kama amonia:
(a) Kokotoa naitrojeni iliyopotea.
(b) Taja njia mbili za kuzuia hasara hiyo.

Jibu
(a) Naitrojeni mfukoni = 50 × 46/100 = kilo 23.
Iliyopotea = 23 × 20/100 = kilo 4.6, sawa na kilo 10 za urea.
(b) Kufukia mbolea kiasi cha sentimita 5; kumwagilia maji ya kutosha mara baada ya kuiweka.

Angalizo: Ukiulizwa "eleza", usiishie kuandika "joto huongeza amonia". Toa na sababu.