Anayemenya muhogo ndiye anaona wa kwanza: somo juu ya kusema ndani ya koperative



Masomo mengi yamekwisha kutolewa juu ya kupanda, kupalilia na kuvuna. Leo somo ni juu ya kusema. Mtu atauliza: kusema nako kunafundishwa? Tuangalie namna mikutano yetu inavyokwisha. Agronomu anamaliza mafundisho, anauliza: "Maulizo iko?" Watu wanaangaliana. Mzee mmoja anasimama, anashukuru kwa niaba ya wote, makofi yanapigwa, karatasi ya majina inapita, kila mtu anaenda kwake. Agronomu anaandika katika ripoti yake kwamba wanamemba wameelewa. Njiani sasa ndiko maneno yanaanza: ile nafasi aliyosema kati ya mashimo haifai kwa udongo wetu; ile mbegu ya mwaka jana ilichelewa kuiva; ule muhogo mpya majani yake hayafai kwa sombe. Maneno mazuri kabisa! Lakini yule aliyepaswa kuyasikia amekwisha kupanda pikipiki, yuko barabarani kurudi Baraka.

Hasara ya kunyamaza namna hiyo si ndogo. Tuchukue muhogo, kwa sababu ndio bukari yetu.

Shamba la kijani, muhogo wa kahawia

Ugonjwa wa mozaiki karibu kila mtu anaujua. Ndugu zetu waliorudi kutoka Nyarugusu, kule Tanzania, wanauita batobato. Majani yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya manjano, mmea unadumaa. Ukipita tu kando ya shamba unauona. Lakini kuna ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ambao unajificha. Majani yanaweza kuwa na manjano kidogo kando ya mishipa, hasa yale ya chini, na mara nyingi mtu anafikiri ni uzee wa majani tu. Mti unasimama vizuri, umenenepa, unapendeza macho. Ukichimba na kukata muhogo ndipo unakuta madoa ya kahawia ndani, makavu na magumu. Sehemu hiyo hailiki, na unga wake haununuliwi.

Ugonjwa huu si mgeni kwa wataalamu. Mtaalamu Storey aliuandika mwaka 1936 huko Amani, katika Tanganyika ya wakati ule. Kwa miaka mingi ulikaa zaidi katika nchi za chini, upande wa pwani ya bahari. Tangu mwaka 2004 ukaonekana Uganda, sehemu za juu, na baadaye ukaingia mashariki mwa Kongo. Unasafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni inzi weupe, wale wadogo wanaoruka ukitikisa majani. Ya pili ni sisi wenyewe, tunapobeba vijiti vya kupanda kutoka shamba lenye ugonjwa.

Sasa tuulizane: katika nyumba zetu, ni nani anaona ndani ya muhogo? Si agronomu. Mara nyingi hata baba mwenye shamba haoni. Anayeona ni mama, au binti, aliyekaa na kisu kando ya mahali pa kuloweka. Anamenya, anakuta kahawia, anakata ile sehemu mbaya, anaitupa, anaendelea na kazi. Kwake ni jambo la jikoni. Juma lile lile, baba anafunga mafungu ya vijiti kutoka shamba lile lile na kuwapa wenzake wa koperative, maana miti ilikuwa mizuri. Hakuna aliyedanganya mtu. Baba alisema alichokiona kwa nje, mama aliona ndani na hakuulizwa. Vijiti vinapandwa Septemba, na wale waliovipokea watajua shida yao mwaka unaofuata, wakati wa kuchimba, jasho la miezi mingi likiwa limekwisha kutoka.

Kwa hiyo, kabla koperative haijachukua vijiti katika shamba lolote, mtu wa kwanza kuulizwa awe yule anayemenya. Aulizwe yeye mwenyewe, si kupitia kwa bwana yake.

Neno linalosaidia

Kusema "muhogo yetu inaharibika" ni kweli, lakini agronomu hawezi kufanya kitu na neno hilo. Anahitaji kujua ni mbegu gani, ilitoka kwa nani, ilipandwa mwezi gani, ilichimbwa mwezi gani. Halafu hesabu. Wataalamu wanaopima magonjwa ya muhogo wana desturi rahisi: wanapita shambani kwa mistari miwili inayokatana, kutoka pembe hadi pembe, wanaangalia miti 30 na kuhesabu iliyo na dalili. Hata mtoto wa shule anaweza kufanya hivyo. "Katika miti 30, 11 ina majani ya kujikunja" ni neno lenye nguvu kuliko kelele ya watu kumi mkutanoni.

Kwa michirizi ya kahawia inabidi kuchimba, na hakuna anayetaka kuharibu shamba. Basi hesabu wakati wa kuvuna: mashina mangapi umechimba leo, mangapi yalikuwa na kahawia ndani. Sema pia ulimenya siku ya ngapi baada ya kuchimba. Muhogo uliokaa siku mbili tatu unaanza kuwa na mistari ya bluu au nyeusi ndani hata kama ulikuwa mzima, na huo si ugonjwa tunaouzungumza. Kama inawezekana, leta kipande cha muhogo mbichi na jani lake. Kipande mkononi kinamaliza ubishi.

Wakulima waliokataa, na wataalamu wakabadili somo

Kuna watu wanaofikiri kwamba kumjibu mtaalamu ni kumkosea heshima. Yafaa wajue habari ya migomba.

Mnyauko wa migomba unaletwa na bakteria. Uliandikwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na karibu wakati huohuo Masisi, Kivu ya Kaskazini, kisha ukashuka huku kwetu. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia, na ukikata mti unatoa usaha wa manjano. Somo la mwanzo lilikuwa kali: mgomba mmoja ukiugua, ng'oa shina lote pamoja na watoto wake wote, hata wale wanaoonekana wazima. Wakulima walisikia, wakaitika, na wengi hawakufanya. Kung'oa shina zima la migomba kwa jembe ni kazi ya kuvunja mgongo. Mama mjane ataweza mashina mangapi kwa siku? Na baada ya hapo watoto watakula nini?

Kwa muda fulani watu hao walihesabiwa kuwa wabishi. Lakini wapo watafiti waliokaa nao na kusikiliza sababu zao, wakarudi kupima, na mashamba ya huku Kivu ni kati ya yale yaliyotumiwa. Walikuta kwamba bakteria haiingii katika watoto wote wa shina. Wengine wanabaki wazima. Somo likabadilika: kata ule mti mgonjwa tu, usawa wa udongo, mara tu unapouona, na urudi kuangalia kila mara, choma panga kwenye moto kabla ya kugusa mti mwingine, kile kichwa chekundu kinachoning'inia chini ya mkungu kivunje kwa fimbo yenye panda bila kutumia panga, kwa maana wadudu wanaleta ugonjwa kupitia hapo. Kazi hiyo mtu mmoja anaiweza, na nyumba inaendelea kula ndizi.

Lakini wangesema waziwazi tangu siku ya kwanza, "kazi hii hatuiwezi, na sababu ni hii," pengine miaka kadhaa ingeokolewa. Kukataa kimya kimya kunamwacha mtaalamu akifikiri kwamba shida ni uvivu.

Kwa nini tunanyamaza

Sababu ziko nyingi, na si zote za kulaumu. Iko lugha: mgeni anaanza kwa Kifaransa, mtu mmoja anatafsiri kwa Kiswahili, na mama aliyezoea Kibembe au Kifuliiru anapata nusu ya neno. Iko hofu kwamba tukilalamika mradi utahama na kwenda kwa wengine. Iko desturi pia. Kwa Wabembe mambo mazito yalizungumzwa lubunga, na lubunga palikuwa pa wanaume. Mpaka leo, mkutano ukiwa na wazee mbele, wamama wanakaa nyuma na kusikiliza. Heshima hiyo ina uzuri wake na hatutaki ife. Ila muhogo hauulizi nani ni mkubwa.

Lakini kwa maoni yetu sababu kubwa kuliko zote ni hii: mtu alisema siku moja, na hakuna aliyemrudishia jibu. Alisema juu ya mizani, akaambiwa "tumesikia." Mwaka ukapita. Mtu huyo hatasema tena, na watoto wake wamejifunza kwake.

Jimbo letu la Kivu ya Kusini lina mfano wake. Mwaka 2006, FAO kupitia kazi yake iitwayo Dimitra, pamoja na shirika la wamama la Samwaki la Bukavu, jina lenyewe likiwa na maana ya sauti ya mwanamke wa kijijini, walianzisha vikundi vya kusikiliza radio. Kikundi kilikuwa na radio yake, watu wanasikiliza pamoja, wanajadiliana, halafu maneno yao yanarudi kwenye radio ili vijiji vingine visikie na kujibu. Mpango huo ulianzia hapa na baadaye ukapelekwa hata Niger.  Uzuri ulikuwa katika ile safari ya kurudi, kwamba mama wa kijijini alisikia neno lake likisemwa na likijibiwa.

Koperative inaweza kufanya hivyo bila radio na bila franka nyingi. Mwenye kuongoza mkutano aache kuuliza "Maulizo iko?" kwa umati mzima. Awagawe watu watano watano, wamama peke yao kama wanapenda, vijana peke yao, kila kikundi kwa lugha inayokipendeza, na awape ulizo moja dogo: katika mafundisho ya leo, ni kitu gani hamtakifanya, na kwa nini? Ulizo hilo ni zuri kwa sababu halimlazimishi mtu kusifu. Baada ya robo ya saa kila kikundi kinatoa neno moja. Katibu anaandika katika kaye: neno lenyewe, nani amepewa kulifuatilia, na jibu. Mkutano unaofuata unaanza kwa kusoma kaye hiyo, kabla ya hotuba yoyote. Hata jibu la "tumeuliza Bukavu, hawana mbegu hiyo" ni jibu. Mtu anajua kwamba neno lake lilitembea.

Maneno ya feza na mizani yanahitaji njia yake, kwa sababu yanaleta ugomvi. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na ambayo nchi yetu inaifuata tangu mwaka 2012, inasema kila memba ana sauti moja tu, awe na hisa nyingi au chache. Inaweka pia chombo cha uangalizi, kinachochaguliwa na wanamemba wenyewe, pembeni ya wale wanaoendesha kazi ya kila siku. Neno la mizani lipelekwe huko, na jina la aliyelileta lisitajwe mkutanoni. Anayesema "mizani ilionyesha kilo 48 nyumbani na 43 kwenye depo" ameleta jambo la kupima. Anayesema "prezida ni mwizi" ameleta vita, hata kama ana haki. Wazee mnaweza kusaidia sana hapo kwa kuwafundisha vijana tofauti hiyo.

Maulizo ya kujadiliana katika kikundi

Mkutano wetu wa mwisho, ni wamama wangapi walisema, na walisema juu ya nini?

Lipi ni neno lililotolewa mwaka huu katika koperative yetu na bado halijajibiwa? Nani atalifuatilia, na mpaka lini?

Vijiti tutakavyopanda Septemba vitatoka mashamba gani? Kila memba mwenye kutoa vijiti arudi nyumbani leo, amuulize anayemenya muhogo aliona nini ndani katika mavuno yaliyopita, na ikiwezekana aje naye mkutano ujao. Majibu yaandikwe kwenye kaye, na agronomu asomewe yote kabla mafungu hayajafungwa.