Umejuaje? Namna ya kumfundisha mwanafunzi kuchambua mambo ya dunia

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili kwa nini bei ya ngano ilipanda mwaka 2022, na huenda akakujibu papo hapo: vita vya Ukraine. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Kinachomshinda ni swali la pili: umejuaje? Hapo atataja televisheni, au atasema kila mtu anajua. Makala hii ni ya mwalimu na mzazi anayetaka mtoto aweze kulijibu swali hilo la pili.

Ujuzi wenyewe mitalaa ya Tanzania huuita fikra tunduizi, na ile ya Kenya huuita uwazaji kina. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi: kabla hujakubali wala kukataa jambo, unauliza nani kalisema, ana ushahidi gani, na kama hakuna maelezo mengine yanayofaa zaidi. Ni ujuzi wa kujizoeza kama kuogelea, na darasa la watoto themanini lenye ubao mmoja linaweza kuufanyia mazoezi.

Nianze na suala gani? Chagua suala la dunia ambalo ncha yake moja mwanafunzi anaweza kuishika kwa mkono. Watu wengi huanza na mambo makubwa ya mbali, na darasa likabaki linarudia maneno ya kwenye taarifa ya habari. Mimi napendekeza mitumba. Karibu kila mtoto amewahi kuivaa, na soko lipo karibu: Karume ukiwa Dar es Salaam, Memorial ukiwa Moshi, Gikomba ukiwa Nairobi, Owino ukiwa Kampala. Nguo hiyo hiyo imebeba ndani yake biashara ya kimataifa, siasa, ajira na mazingira.

Mwalimu nawe unahitaji kuijua habari yenyewe kabla ya kuingia darasani. Kwa ufupi ni hii. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana kuondoa hatua kwa hatua uingizaji wa nguo na viatu vilivyotumika, ili viwanda vya ndani vipate kupumua. Mwaka huo ushuru ukapanda, na Rwanda ikawapita wenzake wote: kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo moja. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani, kiitwacho SMART, kikapeleka malalamiko kwa serikali yake. Kilidai kwamba hatua hiyo inakwenda kinyume na masharti ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoziruhusu nchi za Afrika zinazotimiza masharti kuuza bidhaa nyingi huko bila kutozwa ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo wake, na Julai 2018 serikali ya Rais Donald Trump ikaiondolea nafuu hiyo kwa upande wa nguo.

Somo zima linahitaji vipindi vinne vya dakika 40. Gharama ni karatasi tatu au nne za manila, kalamu ya wino mzito, na bando la siku moja kwenye simu yako. Wanafunzi hawahitaji simu. Shule nyingi za bweni zinazikataza, na somo hili halizihitaji.

Kipindi cha kwanza, andika ubaoni sentensi moja tu: "Mitumba imeua viwanda vya nguo vya Afrika." Usiulize nani anakubali na nani anakataa. Hili nalisisitiza, kwa sababu mtoto akishatangaza upande wake mbele ya wenzake, muda uliobaki atautumia kuulinda. Waambie waifungue sentensi kwanza. Mitumba ya kuanzia lini? Viwanda vipi, vya nchi gani? "Kuua" maana yake kufunga milango, au kupunguza wafanyakazi? Kufikia mwisho wa kipindi wataona kwamba sentensi iliyoonekana wazi kabisa ilikuwa na mambo matatu ambayo hayajasemwa. Waiandike upya, kila kundi kwa namna yake, mpaka iwe sentensi inayoweza kupimwa.

Waache wazungumze Kiswahili kwenye makundi hata kama shule inafundisha kwa Kiingereza. Mtoto anayetafuta neno la Kiingereza hana nafasi kichwani ya kutafuta hoja. Wakimaliza kufikiri, ndipo waandike kwa lugha ya mtihani.

Kipindi cha pili ni cha chanzo na takwimu, na hapa usiharakishe. Anza na chanzo. SMART walisema ajira 40,000 za Marekani zingekuwa hatarini. Uliza: idadi hiyo imetoka wapi? Imetoka kwa chama chenyewe, na wanachama wake wanauza mitumba. Basi wanafunzi watapiga kelele kwamba ni uongo, na hapo ndipo unapowasimamisha. Kuwa na maslahi si ushahidi wa kusema uongo. Mwenye kiwanda cha nguo naye ana maslahi, mama anayeuza magauni sokoni ana maslahi, serikali inayokusanya ushuru ina maslahi. Aliye ndani ya jambo mara nyingi ndiye anayelijua zaidi. Maslahi yanatuambia tu kwamba tutafute mtu wa pili asiyefaidika na jibu hilo, tuone kama naye anafika palepale.

Mtu huyo wa pili yupo. Mwaka 2008 mchumi Garth Frazer wa Chuo Kikuu cha Toronto alichapisha utafiti kuhusu uzalishaji wa nguo barani Afrika kati ya mwaka 1981 na 2000. Alikadiria kwamba uingizaji wa mitumba unaeleza takriban asilimia 40 ya kushuka kwa uzalishaji huo, na takriban asilimia 50 ya kushuka kwa ajira zake. Andika asilimia 40 ubaoni, kisha ligawe darasa. Nusu waandike kichwa cha habari cha gazeti linalopinga mitumba, nusu cha gazeti linaloitetea, wote kwa tarakimu hiyo hiyo bila kudanganya. Wa kwanza wataandika kwamba mitumba imechangia sana kuanguka kwa viwanda. Wa pili wataandika kwamba sehemu kubwa ya anguko haikutokana na mitumba. Wote wamesema kweli. Sijaona zoezi linalomfungua mtoto macho haraka kuliko hili.

Kama muda upo, ongeza mfano wa hewa ukaa, yaani gesi ya kaboni itokanayo na kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi asilia. China ndiyo inayotoa hewa hiyo nyingi kuliko nchi yoyote. Ukigawanya kwa idadi ya watu, Mchina mmoja anahusika na takriban tani 8 kwa mwaka, Mmarekani takriban tani 14, na Mtanzania hafiki hata nusu tani. Swali la kujifunza hapo ni moja: tarakimu hii ni ya jumla au ya kila mtu, na aliyeichagua alitaka nione nini?

Kipindi cha tatu ni cha sababu. Makosa mengi ya watu wazima yako hapa: jambo moja likitangulia jingine, tunasema la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Bandika manila ukutani, uchore mstari wa miaka. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Miaka ya 1980 viwanda vingi vya ukanda wetu vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri, na umeme ulikuwa wa taabu. Mwishoni mwa miaka hiyo na kuingia ya 1990, serikali zililegeza masharti ya biashara. Mitumba ikaingia kwa wingi, na nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia nazo zikaingia. Januari 2005 ukomo wa kimataifa wa kiasi cha nguo ambacho nchi kama China ingeweza kuuza kwenye masoko makubwa ukaondolewa, na ushindani ukazidi kuwa mkali.

Sasa waulize: kama mitumba ingetoweka kesho asubuhi, mnunuzi angehamia kwenye kitenge kilichofumwa hapa, au kwenye fulana mpya kutoka Asia? Wasijibu kwa kukisia. Waorodheshe ni takwimu gani zingelijibu swali hilo, na nani anazo. Takwimu za bidhaa zinazoingia nchini huchapishwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yenye makao makuu Dodoma, na kwa Kenya na ofisi yake ya takwimu, KNBS; tovuti zao zinasomwa bure. Wasio na intaneti waende maktaba ya mkoa, au Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Dar es Salaam. Kwa Kenya, kuna maktaba za umma kwenye kaunti nyingi. Uliza langoni ada ya kuingia kabla hujapeleka darasa zima, na mwombe mkutubi akuwekee kando vitabu vya takwimu.

Kabla ya kipindi cha nne, wapeleke sokoni. Omba ruhusa ya mkuu wa shule na ya wazazi, nenda siku isiyo ya kufungua belo kwa sababu siku hiyo muuzaji hana nafasi na mtu, na wagawe watoto wanne wanne. Waanze na shikamoo na waeleze wametoka shule gani. Maswali yawe machache: belo linatoka nchi gani, nguo ngapi ndani yake haziuziki, zisizouzika zinapelekwa wapi, nani mwingine anakula kupitia biashara hii. Watakuja na mpagazi, fundi cherehani anayepunguza suruali, mama lishe. Kisha wamtafute fundi anayeshona nguo mpya, naye wamsikilize. Majibu ya watu wanane si utafiti wa nchi nzima, na wanafunzi waandike hivyo wenyewe kwenye ripoti yao.

Kipindi cha nne ni mdahalo, lakini si ule tuliouzoea. Mdahalo wa shuleni humpa ushindi mwenye sauti na mbwembwe, na nadhani umetulea vibaya kidogo. Ufanye hivi: kila kundi litetee upande mmoja kwa dakika kumi, kisha wabadilishane. Kabla ya kupinga, msemaji aieleze hoja ya mwenzake mpaka mwenzake aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Akishindwa, arudie.

Nitoeje alama? Kati ya 20, toa 4 kwa dai lililoandikwa wazi, 6 kwa ushahidi, 4 kwa kueleza chanzo na maslahi yake, na 6 kwa kuitaja hoja kali kuliko zote ya upande wa pili na kuijibu kwa haki. Upande aliouchagua mwanafunzi hauna alama hata moja, na aliyebadili msimamo katikati ya somo asipoteze chochote. Waambie mapema, maana watoto wetu wamezoea kubahatisha mwalimu anataka nini.

Na zile habari za kwenye simu? Wafundishe kutoka nje ya ukurasa. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari walipokuwa wakikagua tovuti. Wahakiki hawakukaa kuisoma tovuti ngeni kutoka juu hadi chini. Waliiacha mapema, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini juu yake. Wakawahi kujua ukweli, na wakapatia zaidi. Kwa picha, Google Lens ni ya bure na inaonyesha picha hiyo imewahi kutokea wapi kabla. PesaCheck huhakiki habari za Afrika Mashariki, na nyingine hutoka kwa Kiswahili. Africa Check nao wana ofisi Nairobi.

Mzazi asiye na muda wa vipindi vinne atumie redio. Sikilizeni habari moja ya dunia kwenye idhaa mbili za Kiswahili, tuseme DW ya Ujerumani na Radio China Kimataifa, halafu mwulize mtoto: nani amehojiwa huku na hakuhojiwa kule? Idhaa hizo zinalipiwa na nchi zao, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kulielewa hilo vizuri bila kuambiwa kwamba wote ni waongo.

Hatari hiyo ya "wote waongo" iangalie sana. Baada ya wiki mbili baadhi ya wanafunzi watakuwa hodari wa kukataa kila kitu, hata chanjo iliyopimwa kwa maelfu ya watu. Kukataa kila kitu ni uvivu ule ule wa kukubali kila kitu. Anayekataa naye aulizwe: umejuaje?

Utakutana na maswali usiyoyaweza. Tenga manila moja ukutani kwa ajili hiyo. Swali liandikwe pamoja na jina la aliyeuliza, na Ijumaa makundi yachague moja la kulitafuta wiki ijayo. Ukimaliza mitumba, darasa lako litakuwa tayari kwa mada ya pili. Bei ya ngano ya mwaka 2022 inafaa, na safari hii waache wanafunzi wenyewe waandike sentensi ya kwanza ubaoni.