Mabati ya jirani na Jumapili nne za Majilio

*Mama Mshauri, mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Masisi, nimeolewa Walikale, huku Kivu ya Kaskazini, Kongo. Kwetu tulikuwa Wakatoliki wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya mtaani: Majilio yakianza tunasali jioni nyumba kwa nyumba, na wazee wanawapatanisha waliogombana kabla ya Noeli. Mume wangu anasali CEPAC, kanisa la Kipentekoste. Anasema Majilio hayamo katika Biblia, ni desturi ya mapadri. Padri hapa hupita mara chache, kwa sababu ya ubovu wa barabara na ukosefu wa usalama. Mwezi wa tatu vita vilipofika tulikimbilia msituni. Tuliporudi tulikuta jirani amebandua mabati yetu nane, na leo yako juu ya jiko lake. Kila nikimwona moyo unapanda. Watoto nao wananiuliza nguo za Noeli, na pesa hakuna. Nifanye nini ili kipindi hiki kisipite bure?*

Mama mwenzangu, barua yako ina mambo matatu: la mume, la watoto na la mabati. La mabati ndilo zito, na ndilo lililo karibu zaidi na Majilio. Lakini tuanze na baba wa nyumba, maana akigoma, sala ya jioni nayo itakuwa ugomvi mwingine.

Mume wako hakukosea. Neno Majilio halimo katika Biblia. Kipindi chenyewe kilikua polepole. Katika karne ya 5, Perpetuus, askofu wa Tours huko Ufaransa ya leo, aliwaagiza watu wake wafunge siku tatu kila juma kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Ni desturi kweli. Ila muulize kwa upole: kule CEPAC hawahubiri kwamba Bwana anarudi? Atakujibu kwa moto. Basi mweleze kwamba Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo mwaka 2025 ni tarehe 30 Novemba, habari za mtoto na hori bado hazijafika. Injili ya siku hiyo inahusu kurudi kwa Bwana na kukesha. Kuzaliwa kwake hushika nafasi ya mbele hasa kuanzia tarehe 17 Desemba. Majuma yale ya mwanzo wewe na mume wako mnamngoja yule yule, kwa namna ile ile. Msigombanie jina.

Wala usijisumbue kwa kukosa taji la matawi na mishumaa minne. Taji hilo lilianzishwa mwaka 1839 na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, katika nyumba ya watoto maskini mjini Hamburg. Inasimuliwa kwamba watoto walimchosha kwa kuuliza Noeli itafika lini, naye akatwaa gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa juu yake. Halikuanza kama kitu cha matajiri. Ukiwa na mshumaa mmoja, washa huo huo Jumapili zote nne. Usipokuwa nao, salini kabla jua halijazama. Kwa usalama wa siku hizi hiyo ni busara hata kwa mwenye mishumaa ishirini.

Mtu mkubwa wa Majilio ni Yohane Mbatizaji. Watu walimwendea na swali lile lile ulilonitumia: tufanye nini? Soma Luka sura ya 3, uangalie alichojibu. Hakuwaambia waongeze sala wala hakuwatuma hekaluni. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Watoza ushuru wasidai kupita kiwango. Askari wasimnyang'anye mtu wala kumsingizia, watosheke na mshahara wao. Nguo, chakula, ushuru, silaha. Aliyewahi kupita na mzigo kwenye bariere za barabarani za Masisi au Walikale hahitaji mhubiri wa kumfafanulia.

Na majibu hayo si ya zamani. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyekuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani, alikataa hongo ili vyakula vilivyoharibika visiingie, akauawa Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri. Ninyi hamsimamii mpaka wowote. Lakini kama mnauza mawese sokoni, kopo la kupimia lisiwe limebonyezwa chini. Hilo ni Majilio, na mume wako hatapata aya ya kulipinga.

Sasa mabati. Yohane alipohubiri alichukua maneno ya Isaya kuhusu barabara: mabonde yajazwe, vilima vishushwe, palipopinda panyoshwe. Wewe unajua salongo, kazi ya pamoja ya barabara, ilivyo. Kila nyumba hupimiwa kipande chake, na ukimaliza chako hakuna atakayekuuliza kwa nini cha jirani bado kina mashimo. Kipande chako ni moyo wako na ulimi wako. Kipande cha jirani ni mabati nane.

Usikubali mtu akuambie kwamba ukiyadai mabati hujasamehe. Tarehe 1 Desemba, ambayo mwaka 2025 ni siku ya pili ya Majilio, ni sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite, mtawa wa nchi yetu aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Sote tunakumbuka kwamba alimsamehe kanali aliyemuua. Wengi wanasahau kwamba alimkatalia kanali huyo huyo aliyetaka kumfanya mkewe, hakulegea hata kidogo. Aliweza yote mawili. Nawe unaweza kumsalimia jirani, ukaacha kumtakia mabaya, ukawakataza watoto kumwita mwizi, na bado ukasema wazi kwamba mabati ni yako.

Ila usiende peke yako, wala usiende saa ambayo watu wameshakunywa pombe ya kasiksi. Na kesi hii usiipeleke kwa mwenye silaha, hata akijitolea bure. Mabati nane hayalingani na kaburi moja. Umesema kwenu Masisi wazee walipatanisha watu kabla ya Noeli. Fufua desturi hiyo hapo ulipo. Tafuta mzee mmoja wa shirika na mtumishi mmoja wa kanisa la mume wako, waende pamoja nawe. Mkifika, mwacheni jirani aseme kwanza. Pengine aliyabandua kabla wengine hawajayabeba. Pengine nyumba yake iliharibiwa kuliko yako. Akisema atarudisha manne sasa na manne baada ya kuvuna, kubali, mradi mashahidi wamesikia. Akikataa kabisa, jambo liende kwa shefu au kwenye barza la usuluhishi kwa njia ya kawaida, nawe uendelee kumsalimia.

Kuhusu watoto, waambie ukweli mapema. Jumapili ya kwanza, mkiwa mmekaa pamoja, waeleze kwamba mwaka huu nguo mpya hazipo. Mtoto akijua tarehe 30 Novemba, analia siku moja, yanaisha. Akijua tarehe 24 Desemba, umemharibia Noeli yenyewe. Siku hiyo hiyo wape kazi: wachague wao familia moja iliyokimbia vita na kuishi karibu nanyi. Kila juma mtenge kidogo kwa ajili yake, kikombe cha maharagi, chupa ndogo ya mawese, shati ambalo limembana mkubwa. Kitu kidogo kisichowalaza na njaa.

Tarehe 7 Desemba nendeni na wazee hao kwa jirani. Tarehe 14 ni Jumapili ya tatu, ambayo tangu zamani Kanisa huiita ya furaha. Imbeni nyimbo mnazozijua wote wawili, wewe na mume wako, ziko nyingi kuliko mnavyofikiri. Tarehe 21 pelekeni mlichokitenga, watoto wakibeba wenyewe, na muialike familia ile kula nanyi siku ya Noeli. Bugali, sombe na mawese vinatosha kumkaribisha mgeni.

Padri akipita, ungama na upokee Komunyo. Asipopita, hujakosa Majilio.

Na sala ya jioni ya kwanza, mwombe mume wako asome yeye. Mwambie ukweli kwamba sisi Wakatoliki tumezoea kumwachia padri kazi hiyo. Mpe Luka sura ya 3, na asikomee kwenye maneno ya Isaya yanayoishia aya ya 6. Asome mpaka aya ya 14, kisha kila mmoja wenu, mtoto na mzazi, ajibu swali la wale watu: mimi nifanye nini juma hili?