Kipoozaji cha Prosesa: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Kompyuta ya mezani ikianza kuvuma kila unapofungua mradi wa video, na gemu likaanza kukwama baada ya nusu saa, mara nyingi joto ndilo chanzo. Dukani utaonyeshwa maboksi ya kila aina: minara yenye feni mbili, mirija ya maji, taa za rangi saba. Kabla hujatoa pesa, pitia vidokezo hivi. Nimeviandika nikimfikiria hasa msomaji wa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, kwa sababu ushauri mwingi wa vipoozaji umeandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi.

1. Anza na joto la chumba chako

Kipoozaji hakitengenezi baridi kama friji. Kazi yake ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulikabidhi kwa hewa iliyo karibu, basi. Kwa hiyo hakuna kipoozaji cha feni wala cha maji kitakachoishusha prosesa chini ya joto la hewa ya chumba. Wapimaji wa Ulaya na Marekani hufanya majaribio yao kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha Dar mwezi wa pili, bila kiyoyozi, hufika nyuzi 32 mchana. Kipoozaji kilichosomeka nyuzi 70 kwao katika chumba cha nyuzi 22, kwako kitakaribia 80 kwa kazi ile ile.

Unaposoma majaribio, tafuta kipimo cha nyuzi juu ya joto la chumba. Hicho unaweza kukisafirisha: kijumlishe na joto la chumba chako na utapata jibu linalokuhusu. Kipimo kisichotaja joto la chumba hakikusaidii. Aliyeko Nairobi, Arusha au Mbeya ana nafuu ya nyuzi kadhaa, na kipoozaji cha bei ya chini kinaweza kumtosha pale ambapo wa Mombasa atahitaji kikubwa zaidi.

2. Pima mashine kabla ya kuilaumu

Weka programu ya bure ya kusoma joto, kama HWiNFO au Core Temp kwenye Windows. Kwenye Linux amri ya sensors inatosha. Kisha ipe kompyuta kazi nzito ya kweli kwa dakika ishirini: renda video, au endesha Cinebench, programu ya kupima prosesa, kwa mfululizo. Fanya hivyo saa nane mchana, si usiku.

Prosesa nyingi za Intel huanza kujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100, na nyingi za AMD zikikaribia 90 au 95. Ukiona 75 kwenye kazi nzito, huna tatizo la kipoozaji. Tafuta chanzo kingine cha mwendo wa pole. Angalia pia kasi ya gigahezi wakati wa jaribio. Ikianza juu halafu ikaporomoka joto linapopanda, hapo ndipo ushahidi ulipo.

Wenye Ryzen za mfululizo wa 7000 wasishtuke wakiona 95. AMD walizibuni baadhi yake, hasa zile kubwa, zipande hadi kiwango hicho zikiwa na kazi nzito. Kipoozaji bora kitazipa kasi zaidi, lakini namba ya joto inaweza isibadilike sana.

3. Vumbi na pesti, kabla ya pochi

Kompyuta nyingi ninazoziona zikivuma hazihitaji kipoozaji kipya. Zinahitaji kusafishwa. Mapezi ya alumini yaliyozibwa na vumbi hayapitishi hewa, na pesti ya joto iliyokauka kati ya prosesa na kipoozaji huacha nafasi za hewa, ambayo hupitisha joto vibaya mno. Puliza kwa blowa, ukishikilia feni kwa kidole isizunguke. Halafu fungua kipoozaji, futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili, weka mpya. Tone dogo la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati linatosha kwa prosesa ndogo. Zile pana za siku hizi zipake kwa umbo la X.

Hapa kuna hatari moja inayoumiza watu wengi. Prosesa za AMD za soketi ya AM4 zina pini chini yake, na soketi haizishiki kwa nguvu sana. Pesti iliyokauka hugandisha prosesa kwenye kipoozaji, ukivuta moja kwa moja inang'oka nacho na pini zinapinda. Washa kompyuta kwanza ifanye kazi dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa umeme, legeza skrubu, kisha zungusha kipoozaji taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie. Usivute. Mwambie na fundi wako hivyo hivyo, hata kama ana uzoefu wa miaka.

Ukimaliza, rudia jaribio la dakika ishirini. Kama nyuzi zimeshuka na kasi haiporomoki tena, umemaliza, na pesa yako inaweza kwenda kwenye RAM.

4. Dell na HP za ofisini ni habari nyingine

Kompyuta za mtumba zilizostaafishwa na ofisi za ng'ambo ndizo zimejaa Kariakoo ya Dar na Luthuli Avenue ya Nairobi: OptiPlex 7010 na 9020, EliteDesk 800 G1 na ndugu zake. Ni mashine nzuri, ninawashauri wanafunzi wazinunue. Lakini usiinunulie mojawapo kipoozaji kabla hujaifungua kesi.

Sababu ni kwamba watengenezaji hawa walifuata vipimo vyao wenyewe. Katika baadhi ya modeli skrubu za kipoozaji hupita kwenye bodi na kushikwa na chuma cha kesi, kwa hiyo ukiondoa kipoozaji cha asili hakuna kitu nyuma cha kushika kipya. Kiunganishi cha feni nacho kinaweza kuwa na umbo au mpangilio wa nyaya usiolingana na feni za kawaida. Ukifanikiwa kuunga, bado BIOS inaweza isiitambue feni mpya, na kila asubuhi itakusimamisha kwa onyo la feni mpaka ubonyeze F1. Na zile kesi nyembamba za kulala hazina nafasi ya mnara wowote.

Habari njema ni kwamba prosesa za humo hazina joto kubwa. Core i5-3470 ina kiwango cha wati 77, i5-4590 wati 84, na kipoozaji cha asili kinazimudu vizuri kikiwa safi na chenye pesti mpya. Kama feni imekufa, tafuta feni ya modeli ile ile kutoka kwenye mashine iliyovunjwa kwa ajili ya spea. Ni rahisi kupata na itaingia bila mjadala.

5. Soma wati za kweli, si za kwenye boksi

Namba ya wati iliyochapishwa kwenye boksi la prosesa mara nyingi ni ya kazi ya kawaida tu. Core i5-12400 imeandikwa wati 65, lakini Intel wenyewe wanataja hadi 117 ikiongeza kasi. Core i9-13900K imeandikwa 125 na inapanda mpaka 253. Kwa AMD, zidisha namba yao kwa 1.35: prosesa ya wati 65 inaweza kufika 88, na Ryzen 7 5800X ya 105 inaweza kuvuta 142.

Kwa wati zisizozidi 120, mnara mmoja wenye mirija minne ya shaba na feni moja ya milimita 120, kama DeepCool AK400, unatosha hata Pwani. Kati ya 120 na 180 nenda kwenye kipoozaji cha minara miwili, mfano Thermalright Peerless Assassin 120 SE, ambacho kwa bei yake sioni kinachokishinda kirahisi. Zaidi ya hapo, fikiria mara mbili kama unahitaji prosesa hiyo kwenye chumba kisicho na kiyoyozi.

Na kuna njia isiyo na gharama: kuipunguzia prosesa wati kwenye BIOS. AMD wanaiita Eco Mode. Kwa bodi nyingi za Intel unashusha kikomo cha nguvu kwa mkono. Kasi inayopotea ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu wati za mwisho huleta joto jingi na mwendo kidogo.

6. Soketi

Soketi za Intel za LGA1150, 1151 na 1200 zina mashimo yaleyale ya kipoozaji, milimita 75 kutoka shimo hadi shimo. LGA1700 na 1851 ni milimita 78. Kipoozaji cha zamani hakiingii huko bila mabano mapya, hata kama muuzaji atakuapia. AM4 na AM5 hushirikiana, ila AM5 bamba la nyuma limefungwa moja kwa moja, hivyo kipoozaji kinachokuja na bamba lake chenyewe kitakataa.

Ukinunua bodi ya AM4 iliyotumika, hakikisha bamba la nyuma na vipande viwili vya plastiki vya kushikia kipoozaji vimo. Vikipotea, kuvitafuta ni kazi.

7. Chukua rula

Fungua ubavu wa kesi, pima kutoka juu ya prosesa mpaka pale mfuniko unapofikia. Minara ya kawaida ina urefu wa milimita 155 hadi 160, na Noctua NH-D15 inafika 165. Acha nafasi ya milimita tano. Angalia na RAM: zenye mapambo marefu juu hugongana na feni ya mbele. Kwa kesi ndogo kabisa kuna vipoozaji bapa, kama NH-L9i yenye milimita 37 tu, lakini hivyo ni vya prosesa zenye wati chache.

8. Maji au mnara?

Vipoozaji vya maji vinapendeza, na rejeta ya milimita 240 au 360 inaweza kubeba joto jingi. Lakini maji hayali joto. Yanalihamisha tu kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, na rejeta inalitoa kwa hewa ile ile ya nyuzi 32. Ndani kuna pampu inayozunguka muda wote, na maji hupungua polepole kwa kupenya kwenye mipira kadiri miaka inavyopita. Pampu ikifa, huna cha kutengeneza, unatupa chote.

Mnara nao una maji ndani yake, kidogo sana, yaliyofungiwa kwenye mirija ya shaba iliyotolewa hewa. Huchemka upande wa prosesa, mvuke unakwenda kwenye mapezi, unapoa na kurudi kwa kunyonywa na kuta za mrija. Kifaa hicho alikijenga George Grover mwaka 1963 katika maabara ya Los Alamos, Marekani, na hakina sehemu hata moja inayozunguka. Kinachoweza kufa kwenye mnara ni feni, na feni ya milimita 120 unaipata mtaani mchana huohuo. Kwa mtu anayeishi mbali na duka kubwa la vipuri, mimi nachagua mnara bila kusita.

Ukiamua maji hata hivyo, rejeta iwe juu ya kesi. Pampu isiwe sehemu ya juu kabisa, maana hewa iliyomo ndani itakusanyika hapo.

9. Feni na kelele

Feni kubwa inayozunguka polepole husogeza hewa ile ile kwa utulivu zaidi kuliko ndogo inayokimbia. Chagua yenye pini nne, ili bodi iweze kuirekebisha kasi yake. Kisha ingia BIOS urekebishe mpangilio wa feni: ule wa kiwandani, kwenye chumba cha joto, huifanya ipande na kushuka kila dakika, na hiyo ndiyo kelele inayochosha. Weka kasi ya wastani isiyobadilika mpaka nyuzi 65, kisha ipande. Feni ielekezwe itoe hewa nyuma ya kesi.

Kama unakaa karibu na bahari, pendelea mapezi na mirija iliyopakwa nikeli au rangi nyeusi. Hewa ya chumvi hula alumini tupu. Kama unakaa karibu na barabara ya vumbi, pendelea mapezi yaliyoachana kidogo, yanasafishika. Na kompyuta isikae sakafuni.

10. Siku ya kufunga, na siku ya kusafiri

Bandua karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoozaji. Hiyo peke yake imerudisha vipoozaji vingi dukani vikidaiwa ni vibovu. Kaza skrubu kwa zamu, kona kwa kona, kidogo kidogo. Chomeka feni kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN, la sivyo bodi inaweza kugoma kuwaka.

Ukituma kompyuta mkoani kwa basi, ng'oa mnara mzito kwanza na uufunge peke yake. NH-D15 na feni zake ina zaidi ya kilo moja na robo, na matuta yote ya barabarani yatabebwa na skrubu mbili na ubao mwembamba wa bodi. Mpokeaji mwekee pesti ndogo na bisibisi kwenye boksi, na mpigie simu umwelekeze hatua kwa hatua wakati anarudishia.